Njooni Februari

Mimi ndiye mwenye funguo za ukumbi wa Nether Sallow.
Jana nilipanga viti sitini, wakaja watu mia na kumi,
wengine wakasimama ukutani na makoti yanayonuka kondoo,
na kijana wa kampuni, viatu vipya, akatandaza ramani
juu ya meza tunayokatia keki za mavuno.

Nyumba mia tatu na arobaini.
Kaya zetu ni arobaini na moja,
ukihesabu na ya Bi Tranter, isiyo na mtu ila paka.

Kwenye ramani mto wetu ni uzi wa samawati,
umetulia kama mtoto aliyeogeshwa apigwe picha.
Miti ni viduara vya kijani. Matope hayakuchorwa.
Watu wasio na nyuso wanatembeza mbwa wasio na vivuli
palepale Percy Goodall alipozamisha trekta,
tukalivuta siku mbili, tukatoka na usukani.

“Tulipima Agosti,” akasema kijana. “Udongo ni mkavu.”

Agosti!
Agosti hata Percy ni mkavu.

Nikamshika kiwiko nikampeleka nyuma ya mlango,
pale tunapopima maji kama wengine wapimavyo watoto:
chale ya kisu, mwaka, jina la aliyekata.
Hii ya magotini ni ya baba mkwe.
Hii ya kiunoni ni ya Edgar wangu, mwandiko umepinda,
alikuwa anatetemeka kwa baridi.
Hii ya kifuani nimeikata mwenyewe, juzijuzi tu,
nikiwa nimesimama juu ya piano.

Konde mnalolitaka tunaliita Konde la Kiu.
Kila masika ya baridi linakunywa kwa niaba yetu,
linakunywa hadi linageuka ziwa, bata wanahamia.
Lizibeni mdomo kwa lami,
maji yatakuja kwetu kuomba chumba,
nayo hayabishi hodi.

Wakapiga makofi. Bwana Fanshawe akasimama,
vyumba saba, mke mmoja, mbwa wawili wa kuwindia,
akasema kijiji kibaki kilivyo, milele na milele.
Makofi tena. Hata mimi nilipiga.

Ndipo Tamsin akanyanyua mkono, nyuma kabisa,
bado ana maziwa kwenye buti.
“Nimezaliwa hapa,” akasema. “Nalala Harbrook,
juu ya duka la kufulia, mashine zinanguruma kitandani mwangu.
Saa kumi alfajiri naendesha maili ishirini
kuja kukamua ng'ombe wenu.
Hiyo hapana yenu, naomba kujua,
mimi imeniweka wapi?”

Birika likachemka peke yake.
Hakuna aliyeinuka kulizima.

Nyumba yangu ina vyumba vinne.
Kimoja nalala. Kimoja kinamlaza Edgar, nguo zake.
Viwili vinalaza mitungi ya jamu.

Usiku nikakaa na fomu ya pingamizi,
kisanduku chake kidogo kama stempu.
Nikaandika: Napinga.
Nikaongeza pembeni, kisha nyuma ya karatasi:
mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyolelewa,
ila mgeni mkimlaza majini, hapa hatapona mtu.
Jengeni ishirini. Jengeni juu, njia ya kanisani,
ambako hata wafu wetu wamelala pakavu,
na kodi iwe ya kulipika kwa mshahara wa mkamuaji.
Fanshawe atanuna, maana zitakuwa mbele ya dirisha lake.
Na anune. Ana madirisha mengine.

Na wewe kijana, sikukatai.
Njoo Februari. Ramani iache nyumbani.
Vaa buti za mtu mwingine, ndefu kuliko zako.
Nitakuwa mlangoni, funguo mkono huu, kisu mkono huu,
na chale itakayofuata
utaikata wewe,
uandike jina lako kamili.