Maji Yaliyozoleka

Mama mkwe hakupanda.
Alibaki kwenye Niva yetu kuukuu, mlango wazi,
mguu mmoja ndani, mmoja nje,
bakuli la njugu mapajani na jiwe la kuzipasulia.
"Goti hili," alisema, "lilishamaliza zamu yake."
Akanipa chupa tupu ya limonadi, ya kioo.
"Mniletee maji yake. Nikionja nitajua kama mmefika."

Nusu saa tu, alituambia.
Nusu saa ya msichana wa miaka kumi na saba,
wa mwaka upi, hakuutaja.

Besik mbele, na fimbo,
akijifanya anaikumbuka njia ambayo hajawahi kuipita.
Erekle nyuma, miaka kumi na minne,
kila swali analijibu kwa bega.
Katikati Nutsa, ndani ya mabuti ya mpira ya kaka yake,
chapwa, chapwa,
kama mtu anayetafuna huku anatembea.

Tuliyasikia kabla ya kuyaona,
na baada ya kuyasikia, hatukuyaona.
Mvumo kushoto. Mvumo kulia.
Makangaga yametufika kifuani,
na Besik anazunguka papo hapo
kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Erekle akatoa simu.
Simu haikuwa na mtandao wala maoni.

Aliyeona ni yule asiyezidi kiuno changu.
"Huku kuna baridi," Nutsa akasema,
akainama chini ya matawi
tukabaki kuziona soli za mabuti tu, kisha hata hizo hatukuziona.

Tukamfuata kwa kutambaa,
mwalimu wa jiometri na tumbo lake,
kijana na aibu yake,
mimi na chupa.

Basi, ndiyo hayo.
Mama mkwe alisema ni marefu kama mnara wa kanisa,
na kwamba mtu akiwa chini yake
hawezi kusikia akiitwa nyumbani.
Yalikuwa na kimo cha mlango.
Mlango wa chumba, si wa kanisa.
Nyuzi mbili za maji zikijisuka
na kuangukia karai la jiwe.

"Labda yamepungua," Besik akasema.
"Labda bibi alikuwa mfupi,"
akasema Erekle, neno lake la kwanza tangu asubuhi,
na papo hapo akavua viatu, akaingia, akasimama chini yake
akapiga ukelele wa sauti yake mpya,
ile nzito, aliyokuwa akituficha.

Nyuma ya maji palikuwa na kijipango kikavu
cha kutosha watu wawili waliobanana.
Sikumwonyesha Besik.

Tulikula mkate wa mahindi na jibini la chumvi
huku vidole vikitutetemeka.
Nutsa akajaza chupa.

Aliibeba kama yai, njia nzima.
Hatua tano kabla ya barabara
buti likabaki matopeni, mguu ukaendelea.

Maji yakimwagika hayazoleki,
walisema waliotutangulia.
Nutsa hakuwa amewasikia.
Aliitazama chupa, akanitazama mimi,
akautazama mtaro kando ya barabara,
akachuchumaa, akayazoa.
Mimi niliinama kufunga kamba
za viatu visivyo na kamba.

Mama mkwe aliiinua chupa kwenye mwanga.
Unyasi mmoja ukielea.
Akapiga funda, akalishikilia mdomoni, macho kafumba,
muda mrefu, hata Erekle akaacha kupiga chafya.

"Ndiyo yenyewe," akasema.
Kisha: "Na bado ni marefu?"
Besik akafungua mdomo.
Nutsa akamtangulia: "Marefu, Bebia!
Hata mimi nikisimama juu ya baba, na baba juu ya gari!"

Bibi akacheka, akanywa yaliyobaki yote.
Chupa akanirudishia mimi, si Nutsa,
akaokota njugu nyingine, akaiweka chini ya jiwe.
"Mtaro huu," akasema polepole, bila kunitazama,
"unatoka huko huko."