Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kishikwambi kimoja, vichwa sita,
darasa la tano, Mahuta.
Nimekuja nacho kutoka kwa mchapishaji,
chaji asilimia arobaini,
nione kama kitabu changu kinasomeka.

Somoe akagusa mkorosho.
Ua likachanua, likapukutika,
bibo likavimba kwa sekunde nne.
Wakacheka: "Kumbe hata mvua si lazima!"

Kisha akanyamaza. Akarudisha nyuma kwa kidole,
akatazama tena,
akaniita kama anayemwita mwenye duka:
"Wewe, korosho umeiweka juu.
Korosho huning'inia chini ya bibo,
tena hutangulia yenyewe, bibo hufuata."
Akanifunulia kiganja:
ngozi iliyobabuka msimu uliopita.
"Na hii mbona haimo?"

Kitabu cha karatasi kina kosa hilohilo,
nakala elfu nane,
na mimi mwaka wa sita huu
nangoja kirudi mtamboni.

Usiku, kibarazani kwa Mwalimu Nangumbi,
simu imeinuliwa juu ya fito ipate mtandao,
nikaigeuza korosho,
nikaitanguliza,
nikaandika kwa wino mwekundu usio wino:
*mafuta ya ganda huunguza.*

Asubuhi Somoe akafungua,
akaipeleka mbele, akairudisha nyuma,
mara tatu, kama mpimaji wa ghalani
asiyeiamini mizani.
Hakunisifu.
Alifuta kioo kwa upindo wa sketi,
akauliza:

"Na mtihani je,
umeshaambiwa?"