Kutia Majira

Kidole gumba cha Bwanaheri kimefungwa kitambaa cheupe,
kinene kama mtoto wa siku tatu.
Kamba ilimrudi. Alivuta, mashine ikavuta zaidi,
teke moja tu, mfupa ukasema ka!
mbele ya abiria wa Matondoni na mbuzi wao wawili.

Sasa amekaa juu ya dumu, uani,
ananiamuru kwa mkono mmoja:
spana ya nusu inchi. Si hiyo, wee. Iliyo chini yake.

Mashine ni ya marehemu baba, farasi nne,
iliingia Amu mama hajavunja ungo.
Rangi yake ya kwanza hakuna aijuaye,
na kila fundi ameiachia skrubu moja isiyo yake.

Nimeining'iniza kwenye pipa la maji. Nang'oa plagi,
natia spoki ya baiskeli tunduni,
nazungusha gurudumu kwa kiganja,
na spoki inapanda, inapanda,
kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani,
inasita.
Hapo ndipo juu. Hapo pistoni haina tena pa kwenda.

“Basi cheche iwe hapo hapo,” asema Kombo Shekuwe,
aliyekuja kuazima tupa tangu asubuhi.

La. Cheche ikingoja pistoni ifike, imechelewa.
Moto nao una mwendo wake.
Mimi mkaa nauwasha kabla sijakanda unga,
na mkate haujaniuliza kwa nini.
Lakini si mapema mno:
mapema mno ndilo gumba la Bwanaheri,
aliyetia majira usiku, kwa tochi ya simu, kwa jicho.

Pointi zimeungua, nyeusi kama meno ya mla tambuu.
Nazisugua kwa tupa ya kucha, ile ya harusi ya Swabra.
“Nataka karatasi,” nasema. “Nyembamba. Ya sigara.”

Kimya. Kombo anatazama kuku.
Kakangu, aliyeapa mwezi wa Ramadhani
mbele ya mama kwamba basi, amekoma,
anapeleka mkono mzima chini ya kofia
na kutoa moja, imepinda kidogo, ina joto la kichwa.

Sisemi neno. Nauchuna ukanda,
naubana kati ya pointi mbili,
kushoto navuta, kulia nazungusha.
Umeshikwa. Umeshikwa. Bado.
Kisha, bila sauti,
karatasi inalegea, inakuja yenyewe
kama mtoto aliyesinzia akaachia ziwa.

Nachungulia alama: imepita, kwa upana wa punje ya ufuta.
Nalegeza sahani, naisukuma kwa ncha ya bisibisi, nakaza,
na kule kukaza kunaisogeza tena.
Narudia. Narudia.
Msikiti wa kwanza umeadhini alasiri,
wa pili ukadakia, wa tatu bado unakohoa kwenye kipaza sauti:
mji mzima haujaafikiana alasiri ni saa ngapi,
nami nadai punje ya ufuta.

Mara ya saba karatasi inatoka pale pale.

“Nipe kamba,” asema Bwanaheri.
Nalitazama gumba lake. Naye analitazama.
“Haya. Vuta wewe.”

Nazungusha kamba, naegemeza mguu kwenye pipa.
Ya kwanza, kikohozi.
Ya pili, hata hicho hakuna.
Ya tatu rafadha inakoroga pipa, maji yanaturukia,
moshi wa buluu, kuku juu ya ukuta,
mama ghorofani anazilaani nguo zake zilizoanikwa,
na Kombo anapiga makofi na tupa yetu mkononi.
Nimefumbua macho. Nahesabu vidole.

Usiku naukuta ule ukanda mfukoni:
nukta mbili nyeusi, kila upande moja,
ndogo kuliko za kalamu.
Nimeutia kwenye kijaluba cha sindano.
Mama hajaambiwa.
Bado nazungusha, taratibu.