Kutembea Bure

Tabibu wa Ndanda alinishika goti,
akalikunja, akalikunjua,
akasema: Tembea kidogo kila siku, mama.
Nikamuuliza: Kwenda wapi?
Akacheka. Popote.

Basi popote nimeikuta huku,
nyuma ya nyumba ya Chilumba, uzio wa minyaa unapokatika.
Saa kumi na mbili na nusu, mwezi wa saba,
kibaridi cha Newala kinaniuma masikio,
kitenge kimoja kiunoni, kingine kichwani,
na mikononi hamna kitu.

Njia inaingia mikoroshoni kwa adabu,
inajipinda chini ya matawi kama mkwe apitaye ukweni.
Maua ndiyo kwanza yanachomoza,
na kila jani lina salfa ya jana,
kama kwamba shamba zima limesingwa manjano
likisubiri kutolewa nje.
Naziba pua kwa pindo la kitenge.

"Unakwenda wapi, Somoe?"
Ni Nangosa, mashine ya kupulizia mgongoni.
Natembea.
"Eeh. Unatembea kwenda wapi?"
Natembea tu.
Ananitazama miguu, ananitazama mikono,
anatafuta jembe, ndoo, kifurushi, habari ya msiba.
"Una mgonjwa?"
Mgonjwa ni mimi.
"Pole," anasema,
na najua kabla ya adhuhuri
kijiji kitakuwa kimepata habari: Somoe kachanganyikiwa.

Baada ya mikorosho, msitu.
Mdogo, uliosalimika kwa kuwa una makaburi.
Hapa mguu wenyewe unapunguza sauti.
Kuna mashimo ya ming'oko, mabichi, kina cha mkono mzima,
na mchimbaji, sijui nani, Mungu ampe,
ameurudishia mzizi udongo wake
akaushindilia kwa kisigino.
Siafu wanakata njia. Wao wana safari;
nawapisha.
Hondohondo anapita juu, sijamwona,
nimesikia mbawa tu, zikihema kama viriba vya mhunzi.

Kisha miti inakwisha,
na ardhi nayo inakwisha.

Chini ni bonde, ukungu umelala mpaka Ruvuma,
na ng'ambo vilima vya Msumbiji
kama watu waliojifunika shuka hawataki kuamshwa.

Naijua njia hii.
Nyayo zimeijua kabla yangu:
jiwe la kupumzikia, mzizi wa kushikia,
pale Zainafu alipoteleza na ndoo ikamponyoka,
tukaisikia ikilia, ikilia, mpaka chini kabisa,
na hatukucheka hadi wiki ya pili.
Jogoo la kwanza tunashuka,
jua la utosi tunapanda,
maji nusu ndoo, nusu shingoni.
Mama akiyapima kwa macho:
"Na mengine mmemwachia nani?"

Miaka tisa niliipita njia hii
na bonde sikuliona hata siku moja.
Mwenye ndoo kichwani hatazami pembeni,
anatazama kisigino cha aliyemtangulia.
Visigino vya Zainafu navikumbuka mpaka leo,
ufa wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto.

Leo shingo ni yangu.
Naigeuza huku. Naigeuza kule.
Kumbe mto una kona tatu.
Kumbe kuna mtu analima kule chini, moshi wake mwembamba,
na pengine alikuwapo siku zote, yeye au baba yake.
Goti linauma, si sana.

Wakati wa kurudi nimeokota ukuni mmoja,
mkavu, mwepesi, wa kuwapumzisha watu.
Nangosa ameuona, uso ukamfunguka:
"Aaa! Kumbe ulifuata kuni."
Ndiyo, nikasema. Kuni.

Sijauwasha.
Nimeuegesha nyuma ya mlango
pamoja na wenzake kumi na tisa.
Kesho nitapita upande wa bomba.