Zawadi ya Aliye Hai

Karani wa ardhi pale Mbale
hakuinua macho. "Thamani?"
Mama akaanza kuhesabu mibuni:
mia na arobaini, na miwili iliyokauka.
"Shilingi, mama. Nataka shilingi."

Alitaka kunipa kipande cha Budadiri
angali akipumua, kwa mkono wake.
Serikali nayo ikanyoosha wake:
ushuru wa stempu, ada ya mthamini,
picha za pasipoti, nakala tatu,
rudini Alhamisi.

Kaka Wamimbi alicheka hadi akakohoa.
"Zawadi gani hiyo ya kulipiwa?
Ngoja kwanza. Mirathi haina kodi."

Mama akafungua fundo la leso,
pesa za msimu mzima,
akazipanga mezani moja moja,
noti zikinuka maganda ya kahawa.
"Nikifa itakuwa bure," akasema,
"lakini ninyi ndio mtakuwa ghali."

Hakumtazama Wamimbi.
Alimtazama karani,
kana kwamba yeye ndiye angeelewa.

Matanga tumeyaondoa jana.
Leo kaka amepanda mlima na utepe wa kupimia
na shahidi wa koti la kuazima.

Sikubishana. Nimemtolea risiti
kutoka ndani ya Biblia ya mama;
wino umefifia, muhuri bado unasomeka.

Ameisoma, akairudia.
Akakunja utepe wake taratibu,
kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto,
kama ile miwili iliyokauka
nayo ililipiwa.