Nyumba ya Tano

Hapa Hull nimepanga vyumba vinne kwa miaka tisa.
Nawajua wenye nyumba kwa kikohozi chao ngazini,
naijua amana isiyorudi, na marufuku ya msumari ukutani,
na notisi inayopenyezwa chini ya mlango
Ijumaa jioni, ofisi zikishafungwa.
Kwa hiyo Mselem aliponiambia, Shangazi,
maneno yako yanataka pa kukaa,
sikumwuliza rangi ya kuta.
Nilimwuliza: siku nikihama, nachukua vyangu?

Ile ya kwanza ilikuwa ya bure.
Niliipenda kama koti la kupewa:
mikono mirefu, lakini Januari haiulizi.
Nikaingiza tungo arobaini na moja,
na habari za wodi ninayoipiga deki usiku,
na ubeti wa marehemu dada yangu, Mwanamize.
Ubavuni mwa ubeti wakabandika tangazo
la chai ya kuondoa kitambi,
na kwenye simu wakausimamisha hivi:

     Dada uliyeondoka, bila kuaga
     jirani,
     chai yako yachemka, kikombe ki
     sahanini

Jirani yupo chini peke yake
kama abiria aliyeshushwa kituo si chake.
Mizani kumi na sita, nilizozihesabu kwa vidole
nimeegemea mpini wa deki saa tisa za usiku,
mashine imezipasua kuni.
Cha kuazima hakisitiri matako, ndiyo,
lakini sikujua na mashairi yana matako.

Machi ikaja barua: tunafunga, siku thelathini.
Nilikuwa zamu za usiku.
Siku ya thelathini na mbili nikabisha.
Pamebaki ukuta mweupe
na samahani iliyoandikwa kwa adabu.

Jumapili, mezani kwa Mselem, Leeds, pilau linapoa.
Hii ni pauni kumi na mbili kwa mwezi,
ina takwimu, ina duka lake.
Siuzi kitu, mwanangu.
Hii pauni tatu na peni arobaini, ukuta mtupu,
rangi ujipakie mwenyewe.
Ama, akashusha sauti kama anayeposa,
tuweke kompyuta ndogo, ukubwa wa kitabu cha dua,
kabatini kwako, karibu na boila.
Iwe yako. Nani atakufukuza?

Hilo lilinichukua.
Siku mbili nilitembea Spring Bank kama mwenye nyumba,
nikivitazama vile vibanda vya simu vya rangi ya krimu
kana kwamba navyo ni vyangu.
Jumanne, saa nane za usiku,
mita ya umeme ikala pauni ya mwisho.
Duka la Tomasz, pa kujazia kadi, hufunguliwa saa moja.
Nikakaa gizani na koti langu
nikimfikiria msomaji wangu wa Maskati
(ninaye mmoja, hulalamikia vina),
kwao kumekucha, ana kahawa mkononi,
anabisha, anabisha,
na maneno yangu yamelala
ubavuni mwa boila lililozimika.

Nikachukua ya pauni tatu na arobaini.
Uzuri haina.
Ina kitufe chini kabisa, kama wamekionea haya,
kimeandikwa: Beba Vyote.
Nilikibonyeza kabla sijaingiza hata sanduku moja,
nione kama mlango wa nyuma unafunguka.
Ulifunguka. Nikakabidhiwa mkoba mtupu.
Ndipo nikamwingiza Mwanamize,
nikarefusha mstari, nikapunguza herufi, nikarefusha tena,
mpaka jirani akapanda juu akakaa na wenzake.

Hata hivyo jana nilipita maktaba.
Peni kumi ukurasa.
Wino wao ulikuwa unakata: sahanini haikutoka.
Nikaijaza kwa kalamu pale pale kaunta,
mwenye zamu ananitazama na funguo mkononi,
nikaenda kuzitia karatasi katika kopo la biskuti
chini ya kitanda,
ambacho nacho nilikikuta humu chumbani.