Ana Kadi

Mwalimu Nandonde aliandika ubaoni,
chaki ikamkatikia kwenye herufi ya tatu:
asidi ya anakadi.
Kidato cha Tano kizima, Newala, saa nane mchana,
tukasoma kwa sauti ya usingizi.
Mimi kichwani nikalipasua neno kati,
kama linavyopasuliwa ganda:
ana. Kadi.
Nani ana kadi?

Nilicheka, akanisimamisha, nikamwambia.
Hakukasirika. "Umekata panapokatwa," akasema,
"ila umekata kwa kisu cha nyumbani.
Neno ni la Wagiriki. Kadia kwao ni moyo.
Na ana, ni juu; wengine husema nyuma,
wengine husema mfano wa.
Aliyeubatiza mti hakutuachia maelezo."
Nikawaza: moyo juu?
Korosho huning'inia chini ya bibo, nje kabisa,
kama moyo uliokataa kukaa kifuani.
Labda huyo bwana alilishika tunda kichwa chini.

Kisha akachora pembesita,
oksijeni na hidrojeni kwenye kona moja,
kundi la asidi kona ya jirani,
na mkia: kaboni kumi na tano,
mlima bonde, mlima bonde,
hadi ubao ukaisha akamalizia ukutani.
"Huyu ndiye anakadi. Mtie motoni,
atapumua hewa ya ukaa, atabaki kadanoli.
Ndugu yao kadoli ndiye mwenye hasira zaidi.
Wote hulala ndani ya ganda, baina ya ngozi mbili,
kwenye vijumba kama vya sega.
Viwandani huwatia kwenye breki za magari, kwenye vanishi."
Tukanakili. Breki. Vanishi.

Mama yangu, Somoe binti Chilumba,
anawafahamu wote watatu
na hajui jina la hata mmoja.
Yeye huwaita mafuta.
Msimu wa ishirini na mbili huu anabangua,
viganja vimepakwa majivu,
kigoda kile kile, rungu lile lile.
Glavu zililetwa mwaka mmoja, zikatoboka, basi.
Mafuta yalianza na kucha.
Yakaja kwenye ngozi, ikababuka, ikaota, ikababuka.
Mwisho yakaifuta ile mistari midogo
ambayo kila mtu huzaliwa nayo
na hakuna anayeikumbuka.

Hakuikumbuka naye, hadi Januari, ofisi ya kata.
Kijana mwenye mashine ya taa ya kijani:
"Bonyeza, mama. Futa jasho. Bonyeza tena."
Gumba, hakuna.
Cha shahada, hakuna.
Akajaribu vyote kumi, foleni nyuma ikiguna.
"Mama, wewe huna alama."
Akaitazama mikono yake
kama mtu aliyeibiwa akiwa macho.

Kwa hiyo hana kitambulisho.
Hana laini ya simu kwa jina lake.
Malipo yake huingia kwa mjomba Likwena,
naye hukata ya kwake kwanza,
halafu hutuma salamu.

Jioni ile nilimweleza yote,
pembesita nikaichora kwa kijiti kwenye majivu yake.
Akasikiliza, rungu halikusimama.
"Inaitwaje?"
"Anakadi."
"Ana kadi!" Akacheka hadi akakohoa.
"Basi ndiyo hiyo iliyochukua yangu."

Baadaye, sauti chini:
"Na huo moyo uko wapi, mwanangu?"
Nikamwonyesha mwisho wa neno.
Akapasua moja, ikatoka nzima, nyeupe,
ya bei, ya kupeleka mjini; sisi hula vipande.
Akaniwekea mkononi.
"Kula. Kesho una mtihani."

Akainua chimni ya kibatari kuifuta masizi.
Nilipokwenda kulala niliitazama kwa karibu:
mahali vidole vyake vilipoishika
kulibaki madoa matano ya majivu,
laini, hayana hata mstari,
na mwanga ulipita ukayazunguka.